Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta Yenye Mifumo Endeshi Zaidi ya Mmoja

Kadi ya grafiki itakayotumika katika Windows na Linux kwenye kompyuta moja huchaguliwa kwanza kwa draiva zake, kisha kwa nguvu zake. Chipu, kumbukumbu na feni haziijui Windows wala Linux. Draiva ndiyo inayoueleza mfumo endeshi namna ya kuitumia kadi. Kila mfumo una draiva yake, iliyoandikwa na watu wengine na yenye umri wake. Ndiyo maana kadi nzima isiyo na kasoro yoyote huweza kung'ara upande wa Windows, na upande wa Linux ikaonyesha picha kubwa zilizovimba kwenye skrini iliyokwama katika vipimo vya chini. Fundi akibadilisha kebo na monita siku nzima hatapata tofauti, kwa kuwa tatizo haliko kwenye vyuma.

Kwa nini mifumo miwili

Chukua mfano wa Makambako, mji wa makutano mkoani Njombe, Tanzania. Hapo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma hukutana na barabara ya Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Njombe mjini ni kilomita 60 hivi mbele, kwa barabara ya Songea. Kompyuta nyingi za mezani katika miji ya namna hii ni za mtumba: Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, zikaingia nchini na kupanda nyanda za juu kwa basi au lori. Ni mashine imara, lakini umri wake umezifikisha mahali pagumu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa za Intel za kizazi cha 8 au zaidi pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. OptiPlex 9020 ina prosesa ya kizazi cha 4. EliteDesk 800 G3 huja na kizazi cha 6 au cha 7. Zote mbili haziruhusiwi rasmi.

Wengi kwa hiyo hubaki na Windows 10 kwa ajili ya programu isiyopatikana kwingine, kama Adobe Premiere kwa wahariri wa video za harusi au AutoCAD kwa wachoraji wa ramani za majengo, na kando yake huweka Linux Mint au Ubuntu kwa kazi za intaneti, barua na hesabu. Wakati wa kuwasha, mtumiaji huchagua mfumo anaoutaka. Grafiki iliyojengwa ndani ya prosesa ya Intel inatambulika katika mifumo yote miwili bila kuongezwa chochote, na kwa kuandika barua, kuchapa mitihani na kutazama video inatosha kabisa. Kadi ya ziada ina maana pale tu kazi inapoidai.

Draiva zinakotoka

Kampuni tatu hutengeneza karibu chipu zote za grafiki zinazopatikana madukani: AMD, Intel na NVIDIA. Kwenye Windows tofauti yao ni ndogo, maana kila moja hutoa draiva yake na Windows Update huitafuta yenyewe. Tofauti kubwa iko kwenye Linux.

AMD ilianza kutoa nyaraka za chipu zake kwa umma mwaka 2007. Mwaka 2015 draiva yake iitwayo amdgpu iliingizwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, toleo la 4.2. Sehemu inayobaki, ya kuchora, imo katika mkusanyiko wa Mesa, na usambazaji wowote wa kawaida wa Linux huja nao. Mtu anayechomeka kadi ya AMD ambayo si mpya kuliko mfumo wake huwasha mashine na kuendelea na kazi. Intel imefuata njia hiyo hiyo.

NVIDIA kwa miaka mingi iliifunga draiva yake. Wanaojitolea waliandika nyingine iitwayo Nouveau kwa kuchunguza tabia za kadi zenyewe, lakini kuanzia kizazi cha pili cha Maxwell, mwaka 2014, kadi zilianza kudai programu dhibiti zenye sahihi ya kampuni. Bila hizo Nouveau haiwezi kupandisha kasi ya chipu, na kadi hubaki ikitambaa kwa kasi ile ya kuwashia. Mei 2022 NVIDIA ilitoa kwa umma msimbo wa moduli zake za kerneli kwa kadi za Turing, zilizoanza 2018, na zilizofuata. Kwa kadi za kabla ya hapo, njia ya kupata kasi kamili ni draiva iliyofungwa, inayopakuliwa na kusakinishwa.

Hapo kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza ni bando: draiva ya NVIDIA ni mamia ya megabaiti kwa kila mfumo, na hupakuliwa tena kila inapotoka mpya, ilhali ile ya AMD kwenye Linux huja pamoja na mfumo. Pili ni kinga ya Secure Boot. Ikiwa imewashwa, kerneli hukataa moduli isiyo na sahihi inayoitambua. Ubuntu hulitatua hilo kwa kumtaka mtumiaji aweke nenosiri wakati wa kusakinisha, kisha kompyuta inapowaka upya huleta skrini ya bluu ya kusajili ufunguo. Asiyeijua skrini hiyo hubonyeza kuendelea, usajili haufanyiki, draiva haipandi, na lawama huiangukia kadi. Moduli ya amdgpu tayari ina sahihi ya wasambazaji wa mfumo, kwa hiyo haipiti hatua hiyo.

Umri wa kadi

Jina lililoandikwa kwenye boksi halitoshi kueleza umri. GT 730 ya mwaka 2014 ni mfano mzuri. Baadhi ya kadi zenye jina hilo zina chipu ya GF108 ya kizazi cha Fermi, nyingine GK208 ya kizazi cha Kepler. Kwenye Linux, Fermi hutegemea tawi la draiva namba 390, ambalo NVIDIA ilikoma kulihudumia mwishoni mwa 2022. Kepler hutegemea tawi la 470, lililofikia mwisho 2024. GT 710 nayo ni Kepler. Kadi hizi zinatosha kuwasha monita ya pili, lakini kuzinunua leo kwa matumizi ya mifumo miwili ni kununua kitu ambacho mtengenezaji ameshakiacha. Kila kerneli mpya inapotoka, draiva ya zamani hukaribia siku ya kukataa kusakinika.

Kizazi cha Pascal, chenye GT 1030, GTX 1050 Ti na Quadro P620, bado kina nguvu za kutosha, ila nacho kimefika ukingoni. Tawi la 580 ndilo la mwisho la Linux kuzihudumia kadi za Maxwell na Pascal. Kwenye Windows, draiva zake za kawaida zilikoma Oktoba 2025 na kuachiwa marekebisho ya usalama pekee kwa miaka michache. Anayepata kadi ya Pascal kwa bei nafuu anaweza kuitumia kwa amani kwenye Windows 10 na kwenye toleo la Linux la muda mrefu, kama Ubuntu 24.04, mradi abaki na tawi hilo na asikimbilie kila kerneli mpya.

Kadi za Turing, kama GTX 1650 ya Aprili 2019 na za ofisini T400, T600 na T1000, ziko ndani ya huduma pande zote mbili. Ndizo mahali salama pa kuanzia kwa anayetaka NVIDIA.

Kwa AMD, kadi za kizazi cha Polaris kama RX 550 na RX 560 za mwaka 2017 zimehamishiwa kwenye tawi la pembeni upande wa Windows, na masasisho yake yamepungua. Upande wa Linux zingali ndani ya kerneli na Mesa kama kadi nyingine. Faida ya draiva iliyo wazi inaonekana hapo: hakuna kampuni inayoweza kuifungia mlango kwa uamuzi wa siku moja, maadamu kuna watu wanaoitunza.

RX 6400 ya Januari 2022 ni mpya zaidi na inakula wati 53 tu, lakini inataka uangalifu. Inatumia njia 4 tu za PCI Express, hivyo kwenye mashine ya zamani yenye PCI Express 3.0 upana wa mawasiliano yake unapungua kwa nusu. Pia haina sehemu ya kusimba video, na mhariri wa video atalikosa hilo kila siku. Intel Arc A380 ina sehemu nzuri ya video, lakini inahitaji uwezo uitwao Resizable BAR ili ifanye kazi ipasavyo. OptiPlex na EliteDesk za kizazi cha 4 hadi cha 7 kwa kawaida hazina uwezo huo, kwa hiyo Arc haizifai hata bei ikivutia.

Mashine itakayoipokea

Kadi yenye draiva safi haina msaada ikiwa haiingii kwenye kasha. Mashine nyingi za mtumba ni za umbo dogo, na zinataka kadi fupi yenye bati la nusu kimo. Katika makasha mengi ya namna hiyo sloti ndefu imekaa jirani na pawasaplai, kwa hiyo kadi nene inayochukua nafasi mbili hugota. GTX 1650 za nusu kimo kwa kawaida ni nene. T400, T600, T1000 na P620 ni nyembamba za nafasi moja, na RX 550 hupatikana pia katika umbo hilo.

Umeme ndio kikomo cha pili. Sloti ya PCI Express hutoa hadi wati 75 kwa kanuni, ila kwenye mashine ndogo kitabu cha mtengenezaji huweza kutaja kikomo cha chini zaidi. Pawasaplai ya OptiPlex 9020 ya umbo dogo ni ya wati 255, ya EliteDesk 800 G3 ya umbo dogo ni ya wati 180, na mara nyingi hazina waya wa pini 6 wa kulisha kadi kubwa. Kubadilisha pawasaplai si rahisi, kwa sababu umbo na plagi zake ni za kampuni yenyewe. Kadi inayofaa basi ni ile inayotosheka na sloti: T400 kwa wati 30, P620 na T600 kwa wati 40, T1000 na RX 550 kwa wati 50.

Kuna pia tundu la monita. Monita nyingi za mtumba zina VGA, na kadi za karibuni hazitoi tena mawimbi ya aina hiyo. Kadi za ofisini za NVIDIA zina matundu madogo ya DisplayPort. Adapta inayobadilisha mawimbi kwenda VGA inunuliwe pamoja na kadi, la sivyo kadi itakaa mezani ikingoja safari nyingine ya kwenda soko la Kariakoo, Dar es Salaam.

Mwisho ni programu ya kuwashia. Kadi za zamani sana hazina sehemu ya UEFI ndani yake. Mashine iliyowekwa kwenye UEFI pekee itawaka nazo bila kuonyesha chochote hadi mfumo endeshi upakie draiva, na menyu ya kuchagua kati ya Windows na Linux haitaonekana. Kwa kompyuta yenye mifumo miwili, kadi isiyoonyesha menyu hiyo haifai.

Kazi itakayofanywa

Mkoa wa Njombe unaishi kwa mbao, chai, viazi na parachichi, na kazi za kompyuta zinafuata uchumi huo. Ramani za mashamba ya miti huchorwa kwa QGIS, inayopatikana kwenye Windows, Linux na macOS. Kwa kazi hiyo kadi yoyote kati ya zilizotajwa, hata grafiki ya ndani ya Intel, inatosha. Kumbukumbu ya mashine na kasi ya diski ndizo zinazoonekana zaidi.

Uhariri wa video una masharti makali. DaVinci Resolve ipo kwenye mifumo yote mitatu, lakini toleo lake la bure kwa Linux halifungui video za H.264 na H.265, ambazo ndizo zinazorekodiwa na kamera na simu nyingi. Mhariri atalazimika kuzigeuza kwanza, au kufanya kazi hiyo upande wa Windows. Resolve kwenye Linux hukubali NVIDIA kwa urahisi zaidi, kwa sababu inategemea mahesabu ya CUDA yanayokuja na draiva iliyofungwa. Upande wa AMD inahitaji vifurushi vya ziada vya mahesabu, ambavyo havizihudumii kadi ndogo kama RX 550. Blender, programu ya kuunda picha za pande tatu, nayo hutumia CUDA na OptiX kwa NVIDIA. Kwa AMD hutumia HIP tangu toleo la 3.0 kwenye Windows na 3.2 kwenye Linux, lakini kadi za Polaris hazimo.

Kwa hiyo anayetaka mfumo wa mezani usio na usumbufu, kazi za ofisi na michezo mepesi atapata utulivu kwa AMD. Anayehariri video au kuunda picha za pande tatu katika mifumo yote miwili atafanikiwa zaidi kwa NVIDIA ya kizazi cha Turing, akikubali gharama ya bando na hatua ya kusajili ufunguo.

macOS na BSD

Kati ya 2020 na 2023 Apple ilihamia kwenye chipu zake, na kompyuta zenye chipu hizo hazipokei kadi za grafiki za nje. Swali la kadi linabaki kwa Mac za Intel, hasa Mac Pro. Kwa Mac Pro za 2010 na 2012 zinazotumia macOS Mojave, ya mwaka 2018, Apple yenyewe ilitaja kadi kama Sapphire Pulse RX 580 ya gigabaiti 8 na MSI RX 560 ya gigabaiti 4. Draiva za NVIDIA za Maxwell na Pascal hazikupata kuingia Mojave, na Kepler ziliondolewa katika Monterey mwaka 2021. Mwenye Mac hiyo anayetaka pia Windows na Linux hana budi kuelekea AMD.

FreeBSD huchukua draiva za AMD na Intel kutoka Linux kupitia kifurushi cha drm-kmod, na NVIDIA hutoa draiva yake kwa mfumo huo. Kadi iliyozoeleka kwenye Linux kwa miaka miwili au zaidi kwa kawaida haileti shida.

Baridi, hewa na umeme

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo feni ile ile huondoa joto kidogo zaidi. Baridi ya nyanda za juu hufidia hasara hiyo. Adui mkubwa ni vumbi: la mbao karibu na viwanda vya kuchana magogo na la barabarani Makambako. Kadi isiyo na feni haivuti vumbi jingi, na kwa karakana au duka la kando ya barabara ni chaguo la busara.

Kompyuta iliyosafiri usiku wa Juni au Julai isiwashwe mara inapoingia kwenye chumba chenye joto, kwa sababu unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya vyuma baridi. Iachwe saa chache. Kadi nzito ing'olewe kwenye sloti kabla ya safari ya basi, maana mtikisiko huweza kuvunja sloti ya ubao. UPS nayo ipimwe upya baada ya kuongeza kadi: wati 50 zaidi hupunguza dakika za kuzima mashine kwa utaratibu umeme unapokatika.

Kuipima kadi kabla ya kulipa

Kurudisha kadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 600. Kipimo kinachookoa safari hiyo kinahitaji flashi moja yenye Linux Mint au Ubuntu inayowaka bila kusakinishwa. Kadi ichomekwe kwenye mashine ya duka, kompyuta iwashwe kutoka kwenye flashi, kisha terminali ifunguliwe na kuandikwa lspci -nnk. Kwa RX 550 ya kawaida utaonekana mstari wenye namba 1002:699f na chini yake jina la draiva inayotumika, amdgpu. Namba 1002 ni ya AMD, 10de ni ya NVIDIA na 8086 ni ya Intel. Kwa GT 730 mstari huo huo huonyesha kama chipu ni GF108 au GK208, jambo ambalo boksi halisemi.

Kipimo hiki husaidia pia kugundua kadi bandia. Sokoni kuna kadi za zamani za Fermi zilizoandikwa upya ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Kwenye Windows, programu ya GPU-Z tangu 2018 huziwekea alama nyingi za namna hiyo. Tundu la VGA kwenye kadi inayodaiwa kuwa GTX 1050 Ti ni sababu ya kutia shaka, kwa kuwa chipu za Pascal hazitoi mawimbi hayo. Baada ya namba kukubaliana na jina, video ichezwe kwa dakika kadhaa huku feni ikisikilizwa na skrini ikiangaliwa kama ina madoa au mistari.

Mpangilio wa uamuzi

Maswali yakifuatana vizuri, kadi chache tu hubaki. Kwanza, je, kazi inahitaji kadi kweli, au grafiki ya Intel inatosha? Pili, kasha, sloti, wati na matundu ya mashine yanaruhusu nini? Tatu, mifumo yote itakayotumika ina draiva inayoendelea kutunzwa kwa chipu hiyo, yaani chipu yenyewe na si jina la kibiashara? Nne, programu muhimu zaidi inategemea CUDA au la? Ukubwa wa kumbukumbu na bei huja baada ya hapo.

Kwa mashine ya umbo dogo ya mtumba yenye Windows 10 na Linux, majibu hayo huelekeza mara nyingi kwenye T600 au T1000 kwa wahariri wa video na wachoraji wa pande tatu, na kwenye RX 550 nyembamba kwa wanaotaka Linux isiyodai matunzo. T400 inafaa pale inapohitajika monita ya pili au ya tatu tu. Kwa mashine ya kasha kubwa yenye pawasaplai ya kutosha, GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada ni nyongeza ya nguvu isiyopoteza utangamano. GT 710 na GT 730 ziachwe kwa kompyuta zenye Windows peke yake ambazo hazitegemewi kudumu.